Jiko la Pili Nyuma ya Tangi

Kila ninapoalikwa kwenye mgahawa wa juu ya ghorofa hapa Dar es Salaam, nachagua kiti kinachoipa bahari mgongo. Wenzangu wa uandishi wamenizoea. Wananitania kwamba mtu wa bara haamini maji mengi kiasi kile, nami nawaacha wacheke. Wao hutazama meli zilizotia nanga na taa za kivuko. Mimi hutazama mlango wa jiko. Natazama anayeingia na anayetoka, moshi unaelekea wapi, na kama watu wa meza ya jirani wananyamaza mhudumu anapofika au wanaendelea kusema. Jioni moja ya mwezi uliopita tulikuwa tunasherehekea kitabu cha rafiki yetu, juu kabisa ya jengo, upepo unachezea vitambaa vya meza, pweza ameshaletwa na ndimu zake, simu yangu ikaita. Ilikuwa namba ya Masele, mtu niliyemjua akiwa msimamizi wa duara la dhahabu, kama wachimbaji wadogo wanavyoita shimo lao, na ambaye hanipigii bila sababu.

"Minza, uko wapi? Nasikia upepo."

"Juu ya ghorofa."

"Bado tu?" Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Mama Magreth ametutoka. Nyumbani kwake, Nyahanga. Tunazika keshokutwa."

Nikageuka kuitazama bahari kwa mara ya kwanza jioni ile, ili wenzangu wasinione uso.

Mwaka ninaouandika hapa niliupitisha nikihudumia meza za baa iliyoitwa Mandhari, juu ya jengo pekee la ghorofa katika mji mdogo wa wachimbaji, upande wa Nyarugusu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri kuitwa mahali, na kusubiri kulikuwa hakunilishi. Mwenye jengo tulimwita Bosi. Watu wazima wenzake walimwita Baba Shija. Alikuwa amesafiri kwenda Dar es Salaam kufuata vipuri vya karasha lake, ile mashine ya kusagia mawe, na huko mtu akampeleka kula juu ya hoteli inayotazama bahari. Alirudi amebadilika kama mtu aliyeokoka. Jengo lake lilikuwa liendelee kupanda, lakini aliwasimamisha mafundi hapohapo kwenye ghorofa ya tatu, nondo zikabaki zimesimama hewani kama mabua, akapanga viti vya plastiki katikati yake na kuchomeka miamvuli. Wateja walitundika kofia na makoti kwenye nondo. Hata orodha ya vyakula aliinakili kutoka kule pwani, kwa hiyo juu kabisa iliandikwa supu ya pweza. Pweza hakuwahi kufika upande ule. Tuliagizwa kusema, "Supu ya pweza leo haipo," na neno la kusisitiza lilikuwa leo. Nilisema leo mwaka mzima.

Badala ya bahari Bosi alikuwa na mstari. Asubuhi baada ya mvua, mbali sana, kulitokea mstari mwembamba unaong'aa, naye alimshika kila mgeni bega na kumwonyesha. "Ziwa lile pale. Nkome ileee." Wateja walibisha. Wengine walisema ni mabati ya ghala la pamba. Wengine walisema ni bwawa la maji machafu ya mgodi, na kwamba Bosi angemwonyesha mtu hata kioo cha gari akamwambia ni ziwa. Mimi niliutazama kila asubuhi nikifuta meza, na sikuwahi kuwa na uhakika. Sasa nadhani hali ile ilinifaa kuliko shule. Nilijifunza mapema kwamba mtu anaweza kukuuzia mandhari na usijue umenunua nini.

Ukweli ni kwamba hakuna mteja aliyepanda pale kwa ajili ya mstari. Walipanda kwa sababu ya hofu. Chini mjini kuta zilikuwa za mabati, na kila neno lilisikika chumba cha pili. Juu, upepo uliyachukua maneno kabla hayajafika meza ya jirani. Wanunuzi wa dhahabu, ambao wote tuliwaita mabroka, walikaa wakiegemea ukuta wa ngazi ili wamwone kila anayepanda. Wachimbaji walikaa upande wa nondo, migongo kwa mabroka, viganja midomoni kana kwamba wote wanaumwa meno. Nilipokaribia na chupa, Kiswahili kiligeuka Kisukuma. Walipokumbuka kwamba hata mimi ni Msukuma, Kisukuma kiligeuka kimya. "Wabeja, ng'wanone," mmoja angesema, asante mwanangu, kwa sauti tamu ya mtu anayekufukuza. Nilijua bia ikiwekwa mezani na mtu akaihamisha mbele ya mdomo wake kabla hajanywa, hapo kuna jambo. Na nilijua jambo jingine ambalo kila mhudumu wa machimboni analijua: mchimbaji aliyeoga na kunyoosha shati hana kitu. Duara likitema, yaani likianza kutoa mawe yenye dhahabu, hakuna anayeoga mpaka mifuko ya mawe imegawanywa. Wanaamini maji huwaosha na bahati. Masele alipopanda ngazi akinuka jasho na baruti, shati limekauka kama gamba, moyo wangu ulifurahi kwa niaba yake, na pua yangu ikageukia upepo.

Leokadia, tuliyemwita Mama Magreth, ndiye aliyekuwa mpishi. Msumbwa wa Ushirombo, Mkatoliki wa rozari shingoni, mtoto wake mmoja kamwacha kwa bibi. Alikuwa na majiko mawili ya mkaa. La kwanza lilikaa karibu na ngazi, la chipsi na mishikaki, lilikuwa linawaka kutwa. La pili Bosi aliliweka kona ya mbali, nyuma ya tangi la maji, kwa sababu lilikuwa la samaki na kule pwani, alisema, wateja hawasikii harufu ya samaki kabla hawajamwona. Sato wakubwa waliletwa na basi kutoka Nkome, ziwani, ndani ya ndoo za barafu. Walikuwa ghali, na watu wa kawaida hawakuwagusa. Sato mzima wa kuchoma aliagizwa na aina moja tu ya watu: waliotema. Msimamizi alipanda mwenyewe, mchana, akaegemea kaunta na kusema kwa sauti ya kutafuta chumvi, "Minza, tufungieni samaki wanaotosha watu wa duara. Na ugali." Huo ndio ulikuwa udhaifu wa wanaume wale. Wangeweza kunyamaza kwa mke, kwa padri na kwa mganga. Lakini jiwe la kwanza likimetameta kwenye kurunzi, lazima wale samaki wa ziwa siku hiyohiyo, kabla ya mgao, huko huko kwenye mdomo wa duara, kwa mikono ambayo haijaoshwa.

Nami niliwabebea. Hotipoti kichwani, khanga imefungwa kidevuni, nashuka ngazi, napita njia panda, nakata vichaka mpaka duarani. Kule nilikuta ndoo yenye mfuniko, na ndani yake simu za watu wote. Duara likitema, Masele alikusanya simu na kuikalia ile ndoo, ili habari isitoke. Alikuwa anakula samaki juu yake. "Umeona ofisi yangu?" aliniambia, na wenzake wakacheka kwa midomo iliyojaa.

Alfajiri iliyofuata walivamiwa. Wanaume wasiojulikana walifika na mapanga kabla mawe hayajagawanywa, wakachukua mifuko mizuri na kumkata mkono mdogo wake Masele, kijana aliyekuwa anacheka zaidi ya wote jana yake. Haikuwa mara ya kwanza kwa maduara ya upande ule, ila hii ilikuwa na damu. Na watu wakaanza kuhesabu kwa njia ya kawaida ya watu wenye hofu. Simu zilikuwa ndooni. Hakuna aliyeondoka duarani. Nani alijua? Walijua watu wa juu, sisi wa Mandhari. Kuanzia siku hiyo mji mzima ulipotutazama ulitazama kwa kuinua kidevu.

Kati yetu watatu, Bosi alikuwa na karasha na marafiki, na mimi nilikuwa na ukoo kijiji cha pili. Leokadia alikuwa na rozari. Kwenye mkutano wa sungusungu, chini kwenye uwanja wa shule, mwanamke mmoja alisimama na kusema amemwona kwa macho yake, kila mara watu wakitema, yule Msumbwa anasimama ukingoni mwa ghorofa akipunga kitambaa kuelekea mlimani. Watu wakaguna. Ilikuwa kweli, hata mimi nilikuwa nimemwona akipunga. Kamanda wa sungusungu, mzee mrefu anayeongea taratibu, alimuuliza anampungia nani.

"Nzi," alisema Leokadia.

Uwanja mzima ulicheka, kicheko kibaya, na kwa kicheko kile kesi ikaisha. Alitengwa. Asiyejua adhabu ile anaweza kudhani ni ndogo. Hakuna kumsalimia, hakuna kumpa moto wala kuchukua moto kwake, hakuna kupokea maji wala chakula mkononi mwake, mpaka atakapotaja aliowapelekea habari. Anayevunja anatengwa naye. Atakapofunguliwa, atawapa watu maji, mmoja mmoja, kila mtu akisema kwa mdomo wake, "Nipe maji," kisha anakunywa. Aliyekataa kunywa bado amemtenga.

Mtu mwingine angepanda basi siku ileile. Leokadia alisema akiondoka itakuwa amekiri. Na Bosi, aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono kukubali adhabu, alikuwa na shida yake: hakuna mwingine aliyeweza kumchoma sato namna ile. Basi akatangaza kwamba Minza sasa ndiye mpishi, na Leokadia akahamia nyuma ya tangi. Aliingia kwa ngazi za nyuma kabla watu hawajaamka vizuri, na kutwa nzima alikaa kule kwenye kona yake, amefichwa na tangi na turubai, akichoma samaki ambao mji ule ulikuwa umekula kiapo cha kutokula. Waliwala. Waliwasifu. "Minza, mkono wako umekuwa mtamu kuliko wa yule," mabroka waliniambia, wakilamba vidole. Bosi peke yake hakugusa. Alituma chipsi kibanda cha ng'ambo ya barabara.

Sikuruhusiwa kusema naye, na mwanzoni niliogopa kweli kweli, kwa sababu sikujua kama ni msaliti au la. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa namtazama kupitia upenyo wa turubai nikijaribu kuona hatia kwenye mgongo wa mtu anayepara samaki. Niliweka mkaa kwenye ngazi ya tangi na kuondoka. Alipomaliza, aligonga sufuria kwa mwiko, ko-ko, nami nikaenda kuchukua. Baada ya muda kugonga kukawa na namna. Ko-ko taratibu, chakula tayari. Ko-ko-ko haraka, chumvi imeisha. Siku ya mvua kubwa, wateja wote wamekimbilia chini, aligonga muda mrefu bila haja ya kitu chochote, kama ngoma ya mtu anayejiliwaza, na mimi upande wa pili wa tangi nikajikuta namjibu kwa kijiko kwenye chupa ya bia. Ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote tuliyofanya mwaka ule.

Kisha duara la Masele likatema tena. Alipanda ngazi na harufu yake, akanisubiri nimalize meza, akaniambia mdomo ukiwa karibu na sikio langu. Samaki wakachomwa, nikawapeleka, ndoo ya simu ikakaliwa. Alfajiri wakavamiwa. Safari hii hawakukata mtu, walichukua tu, kwa utulivu, kama watu waliokuja dukani. Masele alikuja mchana, ameoga. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi. Alikaa, hakuagiza.

"Safari hii nilikuambia wewe peke yako," alisema.

"Masele."

"Sijasema kitu. Nasema nilikuambia wewe peke yako. Yule hayupo tena." Macho yake yalikuwa mekundu. "Kamanda anaitisha watu Jumapili. Kama kuna mtu ulimwambia, hata kwa utani, niambie leo. Mimi ndiye nitakayeulizwa habari zako."

Ningeweza kumwambia kwamba yule yupo, hatua chache nyuma ya tangi, anamsikia. Sikusema, na nyuma ya turubai mwiko haukugonga. Nilichokiona wakati ule, nikiwa nimeshika trei kifuani, ni jinsi tuhuma inavyohama. Haihitaji ushahidi mpya. Inatafuta kiti kilicho wazi na kukaa. Na jambo lililonitisha zaidi ni kwamba nami, hapo hapo, niliangalia turubai na kuwaza: basi ni yeye.

Siku iliyofuata Bosi alinituma duarani kuchukua hotipoti zetu. Siku hiyo nilipitia njia ya mwaloni, pale mtelemkoni ambapo mawe yaliyosagwa huoshwa kwenye mbao zenye mazulia, na mabroka hushinda wamekaa chini ya mabati wakisubiri. Niliinama kufunga kiatu nyuma ya rundo la kifusi. Mabroka kadhaa walikuwa upande wa pili, wananywa chai. Mmoja akasema, bila hata kunyanyua sauti, kama mtu anayesoma saa:

"Jiko la pili hilo. Vaeni viatu."

Niligeuka. Sikuwa nimewahi kulitazama jengo letu kutoka kule. Lilisimama peke yake juu ya mabati yote ya mji, refu, la kipuuzi, na nondo zake na miamvuli yake; na juu yake kulikuwa na moshi. Kando ya ngazi ule mwembamba wa kila siku, ambao ungedhani ni vumbi. Na nyuma ya tangi mwingine, mzito, mweupe, umenyooka kama nguzo. Siku hiyo hakuna duara lililotema. Bosi alikuwa na wageni wake kutoka Geita mjini, akawaagizia sato. Lakini wale wanaume walikuwa tayari wanafunga kamba za viatu, na mmoja alisema, "Tungoje njia panda, tufuate hotipoti tujue ni duara lipi," na mwenzake akasema, "Yule msichana anatembea polepole, tutamaliza chai."

Yule msichana nilikuwa mimi. Mwaka mzima tulikuwa tumekaa juu tukiuza mandhari, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kushuka kutazama mandhari yetu sisi. Wachimbaji walificha simu, wakaficha mdomo, wakaficha hata furaha, kisha wakaagiza samaki ambaye moshi wake ulionekana na kila mwenye macho. Na mimi nikawapeleka wezi mpaka mlangoni, kichwa kimenyooka ili mchuzi usimwagike.

Masele hakuamini, au hakutaka kuamini, maana ilikuwa na maana kwamba mkono wa mdogo wake ulikatwa kwa sababu ya chakula alichoagiza yeye. Lakini alinipeleka kwa Kamanda. Yule mzee alinisikiliza akichonga mpini wa jembe. "Kama ni moshi," alisema mwishoni, "moshi hauhitaji mkutano. Tutauwasha tuone." Ikabidi nimweleze na lile la tangi, kwamba mpishi ni yuleyule. Mpini ulisimama mkononi mwake. "Kwa hiyo hata mimi nimekula," alisema.

"Shikamoo, Kamanda," ndicho pekee kilichonijia.

"Marahaba. Nilisema walikuwa watamu."

Alipanda Mandhari alasiri ya siku ya kawaida, pamoja na Masele na wazee wawili, wakaagiza soda na kukaa kimya wakitazama mlima. Hakuna duara lililokuwa limetema, Kamanda alihakikisha. Bosi alizunguka meza akifuta mahali palipokwisha futwa. Kamanda akasema kwa sauti ya kawaida, kuelekea tangi, "Wewe uliyeko huko, washa." Turubai likasogea. Leokadia akatoka, amekonda, macho yamevimba kwa moshi, hakumtazama mtu. Akawasha mkaa. Ulipokolea akainama chini ya tangi, akatoa beseni la magunzi ya mahindi yaliyoloweshwa maji, akayapanga juu ya moto. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Moshi mweupe ukainuka. Bosi alinigusa kwa kiwiko. "Umeona?" alininong'oneza. "Anajua. Nani kamwambia aweke magunzi?"

Nilikuwa nimeona. Neno lile lilinikaa miaka yote hii.

Soda hazijafika nusu, upande wa mwaloni vumbi likainuka. Pikipiki, moja, nyingine, zikashuka zikifuatana na kusimama njia panda. Kutoka juu tuliwaona wanawasha sigara na kuutazama mlango wetu. "Mpe hotipoti," alisema Kamanda. "Tupu. Apeleke nyumbani kwangu." Basi nikashuka nazo kichwani, nyepesi kama kofia, na nilijitahidi kutembea kama zina uzito. Nilipopita njia panda sikugeuka. Nyuma yangu injini ziliwaka kwa adabu, zikanipa nafasi, zikanifuata mpaka kwa Kamanda, ambapo mkewe alikuwa amekaa uani anamenya viazi vya kukausha michembe.

"Mama, shikamoo, hongereni," alisema broka wa mbele akishuka. "Tumesikia limetema."

"Marahaba. Limetema nini?"

"Duara."

Mama yule alitazama zizi la mbuzi, akatazama kisu chake, akanitazama mimi. "Labda huyu dume," alisema. "Tangu asubuhi anatema majani."

Juu ya ghorofa, Masele alinisimulia baadaye, hakuna aliyecheka. Walikuwa wanatazama mstari wa pikipiki umesimama kwenye ua wa Kamanda, na kila mmoja alikuwa anakumbuka samaki wake. Niliporudi nilikuta wamesimama. Kamanda alivua kofia. "Nipe maji, Mama Magreth," alisema. Leokadia alichota kwenye pipa, akampa kwa mikono miwili. Wazee wakasema, wakanywa. Masele akasema, akanywa mpaka chini. Nami nikasema, nikanywa. Yalikuwa na ladha ya moshi. Tukamtafuta Bosi. Alikuwa ameshuka kupokea kreti za bia, walituambia, na siku hiyo gari la bia halikuwa limekuja.

Hakurudi kupika. Alihamia Kahama, akafungua mgahawa wake Nyahanga, wa chini, usio na ngazi. Tuliandikiana ujumbe sikukuu. Sikuwahi kumuuliza kuhusu magunzi. Kila nilipotaka kumuuliza niliona ni kama namrudisha nyuma ya tangi. Lakini kutomuuliza hakukuzuia kuwaza, na mimi nimeishi kwa kazi ya kuwaza. Nikikaa juu ya maghorofa ya pwani, nikiipa bahari mgongo, nilikuwa namwona akiinama chini ya lile tangi bila kuagizwa, mkono unajua beseni liko wapi, na Bosi ananong'ona: anajua.

Nyahanga nilifika mazishi yamekwisha. Basi letu liliharibika njiani. Watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka na viti vya kukodi, wanawake wakipika nyuma ya nyumba. Masele alinipokea, mvi zimemjaa, mdogo wake kando yake akinipa mkono wa kushoto. Na chini ya turubai, kwenye kiti cha plastiki, alikaa Bosi. Nilimwamkia. Alikuwa amekuwa mdogo, fimbo magotini, viatu vya kanisani. Jengo lake aliliuza zamani, na mwenye kununua akaongeza ghorofa juu ya nondo, kwa hiyo Mandhari haipo tena. Alinishika mkono akanivuta karibu.

"Nimekuja kumzika, unaona," alisema. "Lakini Minza, wewe ulikuwepo. Nani alimwambia aweke magunzi? Mimi mpaka leo sijajibiwa."

Nilivuta kiti karibu naye. Tulikaa hivyo, watu wawili tuliowahi kumtuhumu, bega kwa bega, tunatazama uani. Pale Magreth, yule mtoto aliyeachwa kwa bibi, sasa mwanamke mwenye mabega ya mama yake, alikuwa anawachomea samaki wageni waliotoka mbali. Nzi walikuwa wengi, kama msiba wowote. Alivuta beseni kwa mguu, akachota magunzi yanayochuruzika maji, akayatupa juu ya mkaa, kisha akachukua kitambaa na kupunga. Moshi mweupe ukapanda, mzito, umenyooka. Nilisimama bila kujua nimesimama.

"Magreth," nilisema, "hayo magunzi ya nini?"

Aliniangalia kama niliyeuliza maji ya nini. "Nzi, mama mdogo. Samaki wa ziwa bila moshi ni wa nzi. Mama hachomi bila magunzi. Tangu Ushirombo, sijaanza hata shule, kazi yangu ilikuwa kuyalowesha." Akasita kwenye neno hachomi, akalisahihisha. "Alikuwa hachomi."

Nzi. Alilisema uwanjani mbele ya watu wote, neno moja, na tukacheka. Nilimgeukia Bosi. Alikuwa amesikia, uso wake ulikuwa umeganda kuelekea moshi, macho yanatoa maji, na sikutaka kujua kama ni kwa moshi. Alimgeukia Magreth. Masele aliacha kuongea na watu. Sisi watatu tulilijua neno lile kabla halijatoka.

"Nipe maji, mwanangu," alisema Bosi.

Magreth alikuwa anageuza samaki, mikono imejaa mafuta. Hakujua anaombwa nini.

"Maji yapo kwenye pipa hapo, babu," alisema bila kugeuka. "Kikombe kiko juu ya mfuniko. Jichotee."

Bosi alinyanyuka taratibu, akaegemea fimbo, akaenda. Akafunua pipa, akachota. Alibaki amesimama na kikombe kimejaa mkononi, akiangalia huku na huku kwenye ule ua uliojaa watu, na hakuna aliyekuwa amempa.